Je, Wajua? Mpaka Mmoja, Tabia Mbili

Je, wajua kwamba katika jedwali mashuhuri kuliko yote la kulinganisha tabia za mataifa, Mtanzania, Mkenya, Mzambia na Mwethiopia wamepewa alama zilezile? Jedwali hilo ni la Geert Hofstede, Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya kompyuta ya IBM. Kati ya 1967 na 1973 wafanyakazi wa kampuni hiyo duniani kote walijaza madodoso zaidi ya 116,000, wakieleza wanavyomwona bosi wao, wanachokitaka kazini na wanavyoyapokea mabadiliko. Hofstede akaona kwamba majibu yanapishana kwa utaratibu kulingana na nchi, na mwaka 1980 akatoa kitabu chake, Culture's Consequences. Afrika wajibuji walikuwa wachache mno kwa kila nchi, kwa hiyo nchi nne zikaunganishwa na kuitwa "Afrika Mashariki". Ghana, Nigeria na Sierra Leone zikawa "Afrika Magharibi", na nchi saba za Kiarabu nazo zikafungwa fungu moja.

Alama zenyewe je? Kwenye kipimo cha jinsi watu wanavyolikubali pengo kati ya mkubwa na mdogo, Malaysia ilipata 104, Austria 11, sisi 64. Kwenye kipimo cha mtu kujiona yeye kwanza kabla ya jamaa zake, Marekani ilipata 91, Guatemala 6, sisi 27. Kwenye hofu ya mambo yasiyotabirika, Ugiriki ilifika 112 na Singapore ikaishia 8.

Alama hizi bado zinafundishwa katika vyuo vya biashara, nazo zina faida yake: zilimlazimisha meneja wa Ulaya kukiri kwamba kanuni zake za kazi si za dunia nzima. Lakini mwaka 2002 mtaalamu Brendan McSweeney alizishambulia kwa hoja nzito: wafanyakazi wa kampuni moja wanawezaje kulisemea taifa zima? Hoja hiyo kwetu inauma zaidi. Mkulima wa Sumbawanga hakuulizwa. Mvuvi wa Lamu hakuulizwa. Aliyeulizwa ni msomi wa mjini, mwenye ajira ya kampuni ya kigeni, katika miaka ambayo watu wa namna hiyo walikuwa wa kuhesabika.

Na je, wajua kinachotokea mtu akizitenganisha Kenya na Tanzania badala ya kuzichanganya? Mchumi Edward Miguel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alifanya hivyo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004. Alichukua wilaya mbili za ukanda wa Ziwa Victoria, Busia upande wa Kenya na Meatu upande wa Tanzania. Zote ni za wakulima wadogo na zote zina kabila zaidi ya moja. Busia kuna Waluhya, Wateso na Wajaluo. Meatu kuna Wasukuma walio wengi, pamoja na Wanyiramba na wengineo. Alitaka kujua jambo moja: pale makabila yanapochanganyika, wazazi huchangia shule na kutunza visima kwa moyo uleule?

Busia jibu lilikuwa hapana. Shule yenye mchanganyiko wa wastani ilikusanya michango pungufu kwa takriban asilimia 20 ikilinganishwa na shule ya kabila moja, na visima katika maeneo ya mchanganyiko vilikuwa katika hali mbaya zaidi. Kamati za shule zilisita kumbana mzazi wa kabila jingine aliyekwepa mchango. Meatu, mchanganyiko wa makabila haukupunguza chochote.

Kwa nini? Miguel alizitazama sera. Tanganyika iliwaondolea machifu mamlaka yao mwaka 1963, na mwaka huohuo ikaanzisha Jeshi la Kujenga Taifa. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi. Vijana waliofaulu walipelekwa sekondari za bweni mikoa ya mbali, Mhaya akalala kitanda cha juu na Mmakonde cha chini. Kenya ilikwenda njia nyingine: machifu wa serikali walibaki, madarasa ya mwanzo vijijini yaliendelea na lugha za mama, na siasa za juu zikaendeshwa kwa hesabu za makabila. Wilaya mbili haziwezi kuthibitisha kila kitu kuhusu nchi mbili, na Tanzania nayo ililipa gharama, maana katika miaka ya 1970 watu wengi walihamishiwa vijiji vya ujamaa kwa nguvu. Hata hivyo kwangu huu ndio ushahidi wenye thamani kubwa kuliko jedwali lote la Hofstede, kwa sababu unaonyesha tabia ikizaliwa kutokana na maamuzi ambayo tunazijua tarehe zake.

Je, wajua kwamba Watanzania waliojitambulisha kwanza kwa kabila lao walikuwa 3 tu kati ya 100? Ndivyo uchunguzi wa Afrobarometa ulivyoonyesha mwanzoni mwa karne hii. Nigeria walikuwa 48 kati ya 100.

Na hata hilo halisimami mahali pamoja. Mwaka 2010 Benn Eifert, Edward Miguel na Daniel Posner walichapisha uchambuzi wa majibu ya zaidi ya watu 35,000 katika nchi 10 za Afrika. Waligundua kwamba kadiri siku ya mahojiano ilivyokaribia uchaguzi wa urais wenye ushindani mkali, ndivyo watu wengi zaidi walivyojitaja kwa kabila. Uchaguzi ukipita, kabila linarudi nyuma. Aliyewahi kuishi Eldoret au Naivasha, Kenya, mwaka wa kura hahitaji kuelezwa maana ya takwimu hiyo. Kinachonigusa ni kwamba watafiti wale hawakuwa wakipima "utamaduni wa kale". Walikuwa wakipima watu wa nchi zilezile wakijibu swali lilelile, ila kalenda imebadilika.

Je, wajua kwamba Wachewa na Watumbuka ni ndugu Zambia na mahasimu Malawi? Mpaka ulichorwa na wakoloni mwishoni mwa karne ya 19 pasipo kujali nani anaishi wapi, ukaacha Wachewa pande zote mbili na Watumbuka pande zote mbili. Lugha ni zilezile, ngoma ni zilezile, mila za ndoa ni zilezile. Posner alikwenda katika vijiji vya pande zote mbili akauliza: ungemchagua rais wa kabila lile lingine? Ungekubali kuoana nao? Upande wa Malawi watu walikuwa wagumu zaidi, kwa mbali. Sababu aliyoitoa ni ya kisiasa tupu. Malawi makabila hayo ni makubwa kiasi cha kushindania dola, na Rais Hastings Banda aliegemea upande wa Wachewa, akaifanya Chichewa lugha ya taifa mwaka 1968. Zambia yote mawili ni madogo, na wanasiasa huyajumlisha kama "watu wa mashariki" ili yapate sauti Lusaka. Basi utasema Mchewa "kwa utamaduni wake" anampenda Mtumbuka au anamchukia?

Je, wajua kwamba wanadiplomasia wa Umoja wa Mataifa mjini New York waliwahi kuwa kipimo cha uadilifu wa mataifa yao? Kabla ya mwisho wa 2002 kinga ya kidiplomasia iliwawezesha kuegesha gari popote bila kulipa faini. Raymond Fisman na Edward Miguel, yuleyule wa Busia na Meatu, walizihesabu faini zisizolipwa kuanzia 1997: zaidi ya 150,000, zenye thamani ya karibu dola milioni 18. Wanadiplomasia wa Kuwait waliongoza, karibu faini 250 kwa kila mmoja kwa mwaka. Norway, Sweden, Japani na Uingereza hazikuwa na hata moja.

Watu wengi huishia hapo, wakisema nchi fisadi huzaa madereva wafisadi. Soma orodha ya waliopata sifuri hadi mwisho. Imo Oman. Imo Burkina Faso. Imo Jamhuri ya Afrika ya Kati. Kisha soma kilichotokea baada ya jiji kuanza kung'oa namba za magari ya ubalozi yenye faini zaidi ya tatu zisizolipwa: makosa yalishuka kwa karibu asilimia 98. Utamaduni ulikuwapo, nami siukatai, lakini ulitoa nafasi upesi sana sheria ilipoingia.

Rwanda je? Jumamosi ya mwisho wa mwezi, asubuhi, maduka hufungwa na watu hutoka kwa umuganda: kufyeka, kuzibua mitaro, kujenga nyumba za wasiojiweza. Desturi ya kusaidiana ni ya zamani. Umuganda wa leo una sheria yake ya mwaka 2007, na asiyetokea anaweza kutozwa faini. Mgeni anayeisifu Kigali kwa "utamaduni wa usafi" anasifu pia kazi ya Bunge.

Je, wajua kwamba Wakenya wanatembea haraka kuliko watu wa mataifa mengi tajiri? Katika utafiti wa Robert Levine na Ara Norenzayan uliotoka mwaka 1999, nchi 31 zilipimwa kwa mambo matatu: kasi ya watu wanaotembea peke yao mjini kwa umbali wa takriban mita 18, muda anaotumia karani wa posta kuuza stempu moja, na usahihi wa saa za ukutani katika benki. Uswisi iliongoza kwa jumla, Mexico ikawa ya mwisho. Kenya ilishika nafasi ya 9 kwa kutembea, lakini posta ilikuwa karibu na mkia. Ukimwona Mkenya barabarani utasema ana haraka. Ukimwona kwenye foleni utasema hajali muda. Ni mtu mmoja, na kinachomchelewesha dirishani ni ofisi: karani mmoja, chenji hakuna, mihuri mitatu.

Je, wajua kwamba pochi iliyopotea ikiwa na pesa ina nafasi kubwa zaidi ya kurudishwa kuliko isiyo na pesa? Watafiti walikabidhi pochi zaidi ya 17,000 mapokezini mwa hoteli, benki, posta na vituo vya polisi, katika miji 355 ya nchi 40, Kenya ikiwemo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Katika nchi 38 kati ya hizo, pesa ziliongeza uaminifu badala ya kuupunguza. Uswisi na Norway zilikuwa juu. China ilikuwa chini kabisa. Lakini uaminifu ulihesabiwa kwa jambo moja tu, mpokeaji kumwandikia mwenye pochi barua pepe. Mwaka 2023 watafiti wengine waliurudia mtihani huo nchini China, safari hii wakaangalia pia kama pochi ilitunzwa. Sehemu kubwa ilikuwa imehifadhiwa salama, ikimngoja mwenyewe arudi. Kumbe watu walikuwa waaminifu kwa njia ambayo mtahini hakuiwekea alama.

Kuna swali la zamani zaidi lenye kasoro ya aina hiyo. Uchunguzi wa Maadili Duniani, ulioanza mwaka 1981, huwauliza watu kama "watu wengi wanaaminika". Denmark na Norway zaidi ya 7 kati ya 10 hujibu ndiyo. Tanzania ilipoulizwa mwaka 2001, waliosema ndiyo hawakufika 1 kati ya 10. Inasikitisha kuisoma, mpaka uulize: "watu wengi" ni akina nani? Mwaka 2011 Jan Delhey na wenzake walionyesha kwamba katika nchi tajiri za Magharibi mjibuji huwafikiria wageni, ilhali kwingine, hasa Asia ya Mashariki, huwafikiria watu wa karibu yake.

Hata hivyo kutoaminiana kwingine kuna historia ya kweli, na haifai kukufunika. Mwaka 2011 Nathan Nunn na Leonard Wantchekon walilinganisha kumbukumbu za biashara ya watumwa, ya Atlantiki na ya Bahari ya Hindi, na majibu ya Waafrika wa leo. Makabila yaliyotekwa zaidi ndiyo ambayo watu wake leo wanawaamini kidogo zaidi majirani zao, viongozi wa mtaa, hata jamaa wa damu. Mtu aliuzwa na jirani, wakati mwingine na ndugu. Watoto walifundishwa kujihadhari, nao wakawafundisha watoto wao. Tunazungumza juu ya njia za misafara zilizopita Tabora na Ujiji kuelekea Bagamoyo, si mambo ya mbali.

Je, wajua kwamba dola imara inaweza kuzaa watu wasiofuata kanuni? Kusini mwa Kongo kulikuwa na ufalme wa Kuba, ulioasisiwa na mfalme Shyaam mwanzoni mwa karne ya 17, wenye mahakama, kodi na walinzi. Sara Lowes na wenzake waliwachezesha wazao wake, pamoja na wazao wa majirani waliokuwa nje ya ufalme, michezo ya siri ambamo mtu angeweza kudanganya ajipatie pesa. Wazao wa Kuba walidanganya zaidi. Maelezo ya watafiti, katika makala yao ya 2017, ni kwamba palipokuwa na dola ya kusimamia sheria, wazazi hawakuona haja kubwa ya kuipandikiza sheria moyoni mwa mtoto. Nakiri matokeo haya yanapingana na nilichokuwa nikikitarajia, na ndiyo maana nimeyaweka hapa.

Je, wajua mchezo wa kugawana ulivyochezwa nchi kwa nchi? Mmoja anapewa pesa na kuambiwa amgawie mwenzake asiyemjua. Mwenzake akikataa kiasi alichopewa, wote wanakosa. Wanafunzi wa vyuo vya Magharibi kwa kawaida hutoa kati ya asilimia 40 na 50. Joseph Henrich alipoupeleka kwa Wamachiguenga wa Peru, walitoa wastani wa 26, na karibu hakuna aliyekataa. Wahadzabe wa Tanzania walitoa kidogo na kukataliwa mara nyingi, ingawa kambini nyama hugawanywa. Wavuvi wa nyangumi wa Lamalera, Indonesia, walitoa zaidi ya nusu. Papua New Guinea baadhi ya watu walikataa hata zaidi ya nusu, kwa kuwa kwao zawadi kubwa ni deni kubwa. Waorma wa Mto Tana, Kenya, walipoletewa mchezo mwingine, wa kuchangia mfuko wa pamoja, walimwambia mtafiti Jean Ensminger papo hapo: hii ni harambee. Wakachangia kwa ukarimu. Neno hilo lilikuwa wito wa Jomo Kenyatta mwaka 1963 na limo kwenye nembo ya taifa. Miaka ya kujenga shule na zahanati kwa michango ilikuwa imewapa Waorma jibu kabla ya swali.

Mtoto wa miaka minne anaweza kungoja? Inategemea ni wa wapi. Katika utafiti wa Bettina Lamm na wenzake, uliochapishwa mwaka 2018, watoto wa Wanso wa Kameruni waliwekewa kitumbua kimoja cha kwao na kuahidiwa cha pili wakivumilia. Karibu 70 kati ya 100 walivumilia. Watoto wa Ujerumani, kwa peremende zao, walikuwa 28 hivi.

Na viti je? Nchini China, Thomas Talhelm na wenzake waliviweka viti vya mkahawa kwa namna ya kuziba njia. Katika miji ya kaskazini, eneo la ngano, watu wapatao 16 kati ya 100 walivisogeza. Kusini, eneo la mpunga, 6 tu. Wengine walijibana wakapita. Mpunga wa umwagiliaji unamfunga mkulima kwa majirani wa mfereji mmoja, na desturi hiyo imebaki hata kwa mtu wa mjini. Taifa ni moja, serikali ni moja.

Je, wajua kwamba Mkenya anaweza kufanana na Mmarekani kuliko anavyofanana na Mkenya mwenzake? Vaunne Ma na Thomas Schoeneman waliwapa watu kazi ya kumalizia sentensi "Mimi ni…" mara 20, kisha wakahesabu majibu yanayomtaja mtu kwa ukoo, kabila au kundi lake. Matokeo ya mwaka 1997: wanafunzi wa Marekani, asilimia 12. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, 17. Wafanyakazi wa Nairobi, 58. Wamaasai, 80. Wasamburu, 84. Irudishe sasa ile 27 ya Hofstede, uiulize ni ya nani kati ya hawa.

Je, wajua kwamba asilimia 96 ya watu waliochunguzwa katika majarida makubwa ya saikolojia walitoka nchi za Magharibi zilizoendelea kiviwanda, zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia? Hesabu hiyo ni ya Jeffrey Arnett, mwaka 2008. Vitabu vya vyuo vyetu vilivyoandika "binadamu hufanya hivi" vilitokana na watu hao.

Na mwisho, je, wajua inachukua muda gani kwa dola kumbadilisha mtu, na kwa mtu kurudi? Wajerumani walikuwa taifa moja, wakagawanywa nchi mbili mwaka 1949, wakaungana 1990. Alberto Alesina na Nicola Fuchs-Schündeln waliwalinganisha baada ya muungano. Wa Mashariki walikuwa na imani kubwa zaidi kwamba ni wajibu wa serikali kumtunza asiye na kazi, mgonjwa na mzee, na imani hiyo ilikuwa na nguvu zaidi kwa waliozeeka chini ya ukomunisti. Mwaka 2007 watafiti hao walikadiria kwamba tofauti hiyo ingekwisha baada ya kizazi kimoja hadi viwili, yaani miaka 20 hadi 40. Ukihesabu kuanzia 1990, mwisho wa makadirio hayo ni mwaka 2030.